MTOTO HANGOJI MSIMU WA KOROSHO



Ni ada ya ukurasa huu kusema juu ya mambo ya visiwa vyetu. Leo twaomba ruhusa yenu tuvuke bahari, twende Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi, kwani huko kuna funzo ambalo Mwunguja na Mpemba hawana budi kulisikia. Afya ya mtoto mdogo na masomo yake ya awali si mambo ya Muungano; Bara wana sheria zao, nasi tuna zetu. Lakini ugonjwa tutakaoueleza haukupigwa marufuku bandarini.

Nachingwea si ngeni kwa mipango mikubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zikawa zimepotea. Baadaye hata reli yenyewe ikang'olewa. Sababu zilikuwa nyingi, udongo na mvua zikiwamo. Lakini kwa maoni yetu iliyo kubwa ni hii: waliopanga walikaa mbali, na walioijua ardhi hawakuulizwa.

Sasa linalopangwa si karanga, ni watoto. Mwezi wa Desemba 2021 Serikali ilizindua huko Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangiwa miaka ya 2021/22 hata 2025/26. Ilimhusu mtoto tangu mwanzo wa uhai wake hata atimize miaka 8, ikimtakia mambo matano: afya, lishe, malezi yenye kumwitikia, kujifunza mapema, na ulinzi. Kabla ya hapo, Sera ya Elimu ya 2014 ilikwisha kuufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikwisha kuzibebesha serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lao. Hatuna la kulaumu katika maneno hayo. Ni maneno mema, na walioyaandika hapana shaka waliyakusudia.

Twauliza moja tu: nani alipe?

Jibu lilikwisha kutolewa upande wa lishe. Mwaka 2017 wakuu wa mikoa walitiwa katika mikataba ya lishe, na halmashauri zikaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano, kutoka katika mapato yao wenyewe. Shilingi 1,000 hazinunui hata trei moja ya mayai, na uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa umri huo wamedumaa. Hata hivyo, hizo chache nazo zitoke wapi?

Katika Nachingwea na Ruangwa, mapato ya halmashauri hufuata mazao, na khasa korosho. Mwaka 2017 sheria ya fedha iliteremsha ushuru wa mazao ya biashara unaokusanywa na halmashauri kutoka asilimia 5 hata 3. Mwaka 2018 fungu la asilimia 65 la ushuru wa korosho zinazouzwa nje, lililokuwa likirejea kuliendeleza zao lenyewe, likahamishiwa Hazina, na wabunge wa Kusini wakapiga kelele bila ya kusikilizwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, wakulima walipokwisha kuzikataa bei za wanunuzi, Rais aliamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizibebe. Hatubishani leo kama amri hizo zilifaa au hazikufaa. Twasema kwamba zote tatu zilitoka juu, na kwamba aliyefungiwa mfereji hawezi kulaumiwa kwa mtungi mtupu.

Na mwalimu je? Nachingwea ina chuo cha ualimu, lakini ajira ya mwalimu haiamuliwi Nachingwea. Kati ya 2014 na 2020 mpango wa EQUIP-T, uliolipiwa na Uingereza, ulifanya kazi katika mikoa kadha, Lindi ukiwamo, na vijana wa vijijini wakafundishwa kuwaandaa watoto wasiokuwa na darasa la awali karibu. Kwa hiyo kijiji chaweza. Lakini msaada wa mgeni una mwisho. Mtoto aliyezaliwa 2021 hakuukuta mpango ule.

Watu wa makao makuu watajibu kwamba halmashauri zikiachiwa peke yake, yenye korosho itakula na isiyo nayo italala njaa. Tena kwamba taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimejaa upotevu wa fedha za halmashauri. Ni kweli yote mawili, wala hatutaki kila wilaya iwe dola. Jimbo la Ruangwa lilikuwa na Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, tangu 2015 hata 2025. Nachingwea, jirani yake, haikuwa naye. Haki ya mtoto haiwezi kungoja msimu uwe mwema, wala mtu mkubwa azaliwe wilayani.

Basi kushirikiana katika sera ni mambo matatu. Kwanza, Serikali Kuu itoe fungu lililowekwa na sheria, kwa hesabu ya watoto na uzito wa shida yao, lisilopunguzwa kwa barua. Pili, halmashauri iwe na sauti katika kuajiri na kulipa mwalimu wa wadogo. Tatu, mkutano mkuu wa kijiji usomewe mpango kabla ya bajeti na usomewe hesabu baada yake, ili mwizi aonwe na walioibiwa. Anayeagiza bila ya kutoa hakushirikiana, ametuma.

Nasi je, ndugu zangu? Sera yetu ya Elimu ya 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima. Mwaka 2017 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuzipelekea serikali za mitaa kazi za skuli za maandalizi na msingi. Kila mwanachama na aulize katika shehia yake: kazi ilipokuja, fedha zilikuja nayo? Mkulima wa karafuu, ambaye bei yake hupangwa na mnunuzi mmoja, atamfahamu mkulima wa korosho bila ya mkalimani.

Barabara ikichelewa miaka mitano, itajengwa mwaka wa sita. Mtoto akicheleweshwa miaka mitano, miaka hiyo hairudi, na hapana waziri wala diwani awezaye kuirejesha.