Si Kila Faili ni Siri

Leo nataka tuzungumze habari ya neno moja linalotutisha sana mbele ya meza za ofisi. Neno hilo ni "siri ya serikali".

Majuma mawili yamepita tangu walipokuja ofisini kwangu watu wawili, kila mmoja kwa siku yake. Majina yao nayaficha, na mtaona sababu.

Wa kwanza ni mzee wa kijiji kimoja huku kwetu Karagwe. Kijijini kwake kila nyumba ilitoa fedha za kujenga darasa. Kuta zikafika usawa wa madirisha, kazi ikasimama. Mzee akaenda kwenye ofisi moja kuuliza hesabu. Akajibiwa, "Mzee, hayo ni siri ya serikali." Akaniuliza, "Karani, mwanangu, fedha nilitoa mimi, mchanga waliubeba wajukuu zangu. Sasa siri hiyo ni ya nani?"

Wa pili ni kijana. Ndugu yake anataka kuoa, naye akaenda zahanati kuuliza kwa nini yule binti huonekana pale kila mwezi. Akakataliwa. Akanijia amekasirika: "Zahanati si ya umma? Kodi si yetu?"

Basi, msomaji, wewe ungeamuaje? Je, wote wawili wameonewa?

Tazameni sheria. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Kisha mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka huo, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu cha 5 kinafungua mlango: raia ana haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Kifungu cha 6 kinaonyesha vyumba vinavyoweza kufungwa.

Vyumba hivyo ni vipi? Mambo ya ulinzi na usalama wa nchi, na uhusiano wetu na nchi nyingine. Upelelezi ambao ungeharibika kwa kutangazwa. Habari ambayo ingehatarisha uhai wa mtu. Siri halali za biashara. Shauri ambalo ofisi bado inalifikiria na haijakata neno. Na mambo ya faragha ya mtu mwingine.

Hapo kijana wetu amepata jibu lake. Kodi yetu imejenga zahanati, lakini haikununua ugonjwa wa jirani. Hata angekuwa binti yako, usingependa faili lake lisomwe barazani. Mganga aliyemkatalia amefanya kazi yake vema.

Lakini mzee je? Fedha za darasa si bunduki za jeshi, wala si maradhi ya mtu. Kama wapelelezi wameshika vitabu hivyo, anaweza kuambiwa asubiri, naye aelezwe hivyo. Lakini kumfukuza kwa neno "siri" peke yake si sheria. Kwa utaratibu, mapato na matumizi ya kijiji husomwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, unaokutana kila miezi mitatu. Tukikosa kwenda mkutanoni, tusimlaumu mtendaji peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisilosomwa ni ndugu wa daftari lisilokuwapo.

Ukitaka taarifa, fanya hivi. Andika barua. Taja jina lako, mahali ulipo, na karatasi unayoitaka hasa. Usiseme tu "mambo ya shule". Asiyejua kuandika aseme kwa mdomo, na ofisa ana wajibu wa kumwandikia. Weka tarehe, ubaki na nakala. Ofisi inatakiwa kujibu mapema, isipite siku 30. Ikikataa, itoe sababu kwa maandishi. Usiporidhika, mwombe mkuu wa ofisi hiyo aliangalie upya jambo lako. Yote hayo kwa adabu, bila matusi, maana anayedai haki yake hana haja ya kupiga kelele.

Tena siri nazo huzeeka. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeweka miaka 30. Baada ya hapo nyaraka nyingi za serikali hufunguliwa kwa wasomaji, ila zile zenye sababu ya pekee ya kuendelea kufungwa.

Nami karani ninazo funguo za kabati. Ukija kutaka cheti chako cha ubatizo, nitakupa. Ukitaka kujua mambo ya jirani yako, nitakurudisha nyumbani salama. Lakini ukiuliza sadaka ya kujengea imetumikaje, ole wangu nikikujibu kwamba ni siri.

Barua ya mzee tumeiandika pamoja, akaweka dole gumba. Leo ni siku ya 12. Jibu halijafika, nasi tunahesabu bila haraka. Na wewe, msomaji, mkutano wa kijiji chako ni lini? Usikose.