Mashine Ikisoma Shoti Anakamatwa wa Geti, Bosi wa Mfumo Je?

Ile picha wadau mnaijua. Kijana kakaa kwenye benchi, kichwa chini, pembeni yake meza yenye mafaili, na juu mtu kaandika: "Huyu ndiye aliyekula hela za ushuru." Kesi haijafika mahakamani, hata maelezo yake hayajasikika, lakini emoji za kucheka zimeshajaa na kuna mtu kashaandika "afungwe tu". Dakika tano baadaye picha imefika kwenye grupu la familia yake.

Hapa halitajwi jina la yeyote wa Moro, maana ambaye hajahukumiwa hajahukumiwa. Kinachozungumziwa ni ile mashine iliyokuwa mezani.

Kwa ambaye hajawahi kupanda milima ya Uluguru zaidi ya kwenda kupiga picha maporomoko: kule Kinole, Matombo na Mgeta, ndizi, machungwa na kabichi zinazoshuka Mji Kasoro Bahari na kwenda Dar zinapita kwa mkusanya ushuru. Huyo anatembea na kimashine cha mkononi, POS. Anagonga kiasi, risiti inatoka, gari linaondoka. Taarifa ya ile risiti inakwenda kwenye mfumo wa halmashauri. Mkusanyaji naye anachukua namba ya malipo na kuweka pesa benki. Mfumo unapiga hesabu: risiti zote ulizotoa, toa pesa zote ulizoweka. Ikibaki namba, hilo ni deni lako, na jina lako linakaa kwenye orodha ya wadaiwa.

Wezi wapo. Ripoti za CAG zimerudia mwaka hadi mwaka hadithi ya makusanyo ya POS ambayo hayakufika benki, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema CAG anakosea kuuliza. Kuna wanaokusanya asubuhi, jioni hela imeshalala bar. Lakini ile orodha ya wadaiwa haina safu inayosema "huyu kaiba" na nyingine inayosema "huyu mtandao ulimkatikia masika, karatasi ikagoma, akagonga mara mbili". Wote wanaitwa wadaiwa. Na mtaani neno mdaiwa lilishageuka kuwa mwizi siku nyingi.

Anayeona hayo ni visingizio asikilize cha Dalmellington, kamji kadogo huko Uskoti. Mwaka 2015 mhudumu wa posta ya pale alikuwa anaingiza kwenye kompyuta pauni 8,000 taslimu alizohamishia kwenye tawi dogo la kijijini. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, na tena. Mfumo ukasoma kwamba amepokea pauni 32,000. Mkononi ana 8,000 zile zile. Shoti ya pauni 24,000 kwa kubonyeza kitufe! Walipochunguza wakakuta kasoro ya aina hiyo ilishatokea zaidi ya mara 100 tangu 2010.

Mfumo wenyewe unaitwa Horizon. Umetengenezwa na kampuni ya Fujitsu, na Posta ya Uingereza ilianza kuufunga kwenye matawi yake mwaka 1999. Waliokuwa wanautumia wengi wao ni watu wenye viduka vyao waliopewa mkataba wa kuendesha posta ndogo. Kwa Bongo tungewaita mawakala. Mkataba ulivyotafsiriwa na wakubwa: pesa ikipungua, lipa. Na kali kuliko zote, Posta ile ilikuwa na uwezo wa kumpeleka mtu mahakamani yenyewe. Mlalamikaji ni Posta, mpelelezi ni Posta, mwendesha mashtaka ni Posta. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 wakatiwa hatiani kwa ushahidi wa Horizon.

Jo Hamilton alipiga simu kuomba msaada, akafuata maelekezo aliyopewa, akaona shoti inaongezeka mara mbili mbele ya macho yake. Mwisho akakiri kosa la kughushi hesabu ili asishtakiwe kwa wizi na kufungwa. Seema Misra yeye alikataa kukiri wizi. Novemba 2010 akapelekwa jela akiwa mjamzito, siku ambayo mwanae wa kwanza anatimiza miaka 10.

Wengi wao waliambiwa sentensi moja: ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Hebu fikiria mtu yuko kijijini kwake, kila simu anayopiga anajibiwa wenzako wote wako sawa. Ataanza kumshuku mumewe, kisha mfanyakazi wake, kisha akili yake mwenyewe. Kumbe wapo mamia, hawajuani tu. Na huku Posta inasema hakuna anayeweza kuingia kwenye hesabu za tawi kutokea mbali, watu wa Fujitsu walikuwa wanaweza.

Walipojuana ndipo mambo yalipobadilika. Alan Bates, mmoja wao, aliwakusanya, wakafika 555, wakafungua kesi ya pamoja. Desemba 2019 jaji akasema wazi kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuleta shoti za uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ikafuta hatia za watu 39 kwa mpigo. Na hapa wapenda tamthilia mnahusika: kilichoiamsha serikali kwa kweli ni sirio ya televisheni. Januari 2024 ITV walionyesha sehemu nne tu kuhusu Bwana Bates na wenzake, nchi ikachemka, na kufikia Mei bunge likawa limepitisha sheria ya kufuta hatia kwa pamoja. Miaka yote ya mahakama na barua, halafu tamthilia ya wiki moja. Wanaosema burudani haina kazi waje tena.

Sasa mabosi. Paula Vennells aliongoza Posta hiyo kuanzia 2012 hadi 2019, na mwaka ule ule wa kuondoka akapewa nishani ya CBE. Watu zaidi ya milioni 1 walisaini anyang'anywe, ndipo akairudisha. Mei 2024 alilia mbele ya tume ya uchunguzi na kusema aliwaamini wengine kupita kiasi. Ripoti ya kwanza ya tume, Julai 2025, inasema huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya sakata hili. Siku ripoti inatoka, hakuna bosi hata mmoja wa Posta wala wa Fujitsu aliyekuwa jela kwa jambo hili. Wakala alilala ndani kwa kompyuta aliyoletewa. Bosi alilia kwenye televisheni, akarudi nyumbani.

Hakuna anayesema POS za halmashauri ni Horizon. Kufanana kunakouma ni kwenye mpangilio: kosa likionekana, wa chini anaanza kwa kuthibitisha kwamba si mwizi, na mwenye mfumo haanzi kwa kuthibitisha kwamba mfumo ni mzima. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 iko vizuri tu, inaitaka mahakama ikipima ushahidi wa kielektroniki iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama unaaminika. Shida ni kwamba si kila mtu anafika huko mahakamani. Mtu anaitwa ofisini, anawekewa karatasi ya kukiri deni, anaambiwa saini ulipe kidogo kidogo au polisi wako nje. Atasaini. Atauza kashamba ka ndizi ka baba yake. Na kwenye kumbukumbu itaandikwa kwamba alikiri.

Bongo tulishaona orodha inavyoweza kumbeba asiyehusika. Aprili 2017 ilitoka ile ya vyeti feki, watumishi 9,932. Waliofoji walikuwepo, tena wengi. Lakini rufaa ziliporuhusiwa, wapo walioonekana vyeti vyao ni halali kabisa, baada ya majina yao kuwa yameshasomwa nchi nzima. Aliyekosea kuwaweka pale alijulikana? Alikatwa hata mshahara wa siku moja?

Maswali kama hayo wanapaswa kuulizwa wakurugenzi, wakuu wa TEHAMA na wizara iliyoushusha mfumo. Halmashauri zilipohama kutoka LGRCIS kwenda TAUSI, madeni ya zamani ya wakusanyaji yalihamaje, na nani alisaini kwamba yamehama sawasawa? Kabla mtu hajaitwa mdaiwa, kuna fundi asiye wa halmashauri aliyeifungua mashine yake na kusoma kila muamala, saa kwa saa? Kama yupo, ripoti yake apewe mtuhumiwa. Kama hayupo, barua ya deni isainiwe na bosi kwa jina lake, si "kwa niaba ya", ili siku ikija kuonekana mashine ndiyo iliyodanganya, ajulikane wa kulipa. Kiyoyozi na shangingi vinakuja na cheo, na hii nayo ije na cheo.

Wakati mabosi wanatafakari, kijana wa geti la Kinole anunue daftari la kaunta. Kila mtandao ukikatika aandike tarehe na saa, aandike risiti iliyogoma na gari lililopita, ampe dereva asaini. Karatasi ya benki aipige picha siku ile ile, maana zile zinafutika wino ndani ya miezi michache. Mashine ikileta mauzauza asiishie kupiga simu, aandike barua, ipokelewe na kugongwa muhuri masijala. Nakala akae nayo nyumbani, asiiache kwenye droo ya ofisi.