Mgeni Aliyekwisha Kupewa Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huo umekaririwa mashuleni miaka mingi ili kuwakanya wavivu. Lakini una upande wa pili usiosemwa. Mgeni aliyelipokea jembe, akalima na kupalilia bega kwa bega na wenyeji, ataitwa mgeni mpaka lini?

Swali hilo linawahusu madaktari wa kigeni wanaowatumikia wananchi mbali na Dar es Salaam, na mahali pa kuliuliza ni Moshi. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilisimama kwa msaada mkubwa wa wataalamu wa nje. Hapo hapo, mwaka 1981, kilianzishwa chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kwa ushirikiano na Wajerumani. Mwaka 1992 kikafuata kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoasisiwa na daktari Mjerumani, Henning Grossmann. Waliofunzwa humo ni Watanzania na Waafrika wenzao, nao sasa wanatibu na kufundisha wengine. Katika miteremko ya Kilimanjaro nako, kuanzia Machame hadi Rombo, hospitali za misheni zimepokea waganga wageni kwa vizazi kadhaa.

Sasa sheria nayo itazamwe. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni iliweka kibali cha kazi cha miezi 24, kinachoweza kuongezwa ili mradi jumla isizidi miaka 5. Marekebisho ya mwaka 2021 yakasogeza ukomo huo hadi miaka 8. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kwa upande wake, inamtaka mwombaji wa uraia wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7 katika miaka 10.

Hesabu ya shule ya msingi inatosha. Kwa kipimo cha 2015, kibali kilikoma miaka 3 kabla ya mganga kuufikia mlango wa uraia. Kwa kipimo cha 2021, kibali kinakoma pale pale mlango unapoanza kufunguka. Na hata akiingia, sharti aukane uraia wake wa kuzaliwa. Kati ya mkataba na uraia hakuna daraja.

Anayeumia ni mgonjwa. Mwanakijiji hueleza maumivu yake kwa Kiswahili, tena kwa mafumbo na haya. Daktari hujifunza kusikia maneno hayo kwa miaka, si kwa miezi. Kila anapoondoka aliyekwisha kuyajua, huja mwingine anayeanza upya kwa mkalimani.

Wapo watakaopinga kwamba vijana wa Kitanzania waliohitimu udaktari wanatafuta kazi. Hoja hiyo ni nzito. Mwaka 2017 Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania. Mpango ulipokwama mahakamani huko Kenya, Serikali iliwaajiri 258 kati ya waliojitokeza. Tukio lile lilidhihirisha kwamba madaktari walikuwapo. Zilizokosekana ni nafasi za ajira. Dawa ya upungufu huo ni fungu la mishahara, wala si kumwondoa bingwa wa kigeni. Kijana aliyehitimu jana hawezi kushika nafasi ya bingwa, na bingwa akiondoka, kijana huyo atajifunza kwa nani?

Wengine wanahofu kwamba mgeni akipewa ukaazi wa kudumu atakimbilia mjini kufungua zahanati ya matajiri. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake ni masharti. Ukaazi utolewe kwa aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari, akatumikia hospitali ya wilaya au ya kijijini kwa miaka 5 kamili, akafunza Watanzania, na anayezungumza Kiswahili bila mkalimani. Akikiuka, anyang'anywe.

Hayo si mageni duniani. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1999, humfungulia njia ya ukaazi wa kudumu daktari mgeni anayetumikia miaka 5 katika eneo lenye upungufu wa waganga. Tajiri anawavuna madaktari wa mataifa maskini ili wahudumie vijiji vyake. Maskini naye anamwagiza aliyekuja kwa hiari yake afunge virago!

Wala hapa nchini si jambo lisilowezekana kisheria. Mwaka 2025 Bunge liliidhinisha hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Kama hadhi iliyo kati ya mgeni na raia imepatikana kwa sababu ya asili, na ipatikane pia kwa sababu ya utumishi. Wizara zinazosimamia afya, kazi na mambo ya ndani ya nchi zikae pamoja, ziandike muswada, na ziupeleke bungeni.