Mji wa Kisii waishia wapi? Mpaka wa kaunti unavyoiacha Manga nje ya mji wake

MTU anayesimama ukingoni mwa majabali ya Manga, katika Kaunti ya Nyamira, huuona mji wa Kisii ukiwa umelala bondeni chini yake. Kila asubuhi wakazi wa mteremko huo hushuka na ndizi na mboga kuelekea soko la Daraja Mbili. Wagonjwa huteremka kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na vijana huenda Chuo Kikuu cha Kisii. Jioni inapofika, wote hurudi kulala katika kaunti nyingine.

Kwa maisha ya kila siku, Manga ni kiunga cha mji wa Kisii, na iko karibu zaidi na mji huo kuliko ilivyo karibu na mji wa Nyamira, makao makuu ya kaunti yake. Kwa mujibu wa sheria, hata hivyo, mji wa Kisii hauna mamlaka juu ya Manga, na wakazi wa Manga hawana kura katika uongozi wa mji huo. Hali hii inaibua swali ambalo wapangaji wa miji duniani kote wamehangaika nalo: jiji huanzia wapi na huishia wapi, na ni nani mwenye haki ya kuamua?

Swali hili si la wasomi pekee. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 ilitaka mji uwe na wakazi 500,000 kabla ya kutangazwa kuwa jiji. Marekebisho ya 2019 yalishusha kiwango hicho hadi 250,000. Nakuru ilipata hadhi hiyo Desemba 2021, na Eldoret ikafuata Agosti 2024. Ni kawaida, basi, kwa miji mingine mikubwa kujiuliza zamu yake itafika lini. Lakini kabla ya kuhesabu watu, sharti kwanza kuamua ni watu gani wa kuhesabiwa.

Tazama takwimu za sensa ya 2019. Ukihesabu eneo ambalo Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) lililitambua kuwa mji, Kisii ilikuwa na watu 112,417, idadi ambayo haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Ukichukua kaunti ndogo mbili ambazo mji huo umezigusa, yaani Kisii ya Kati yenye watu 166,906 na Kitutu ya Kati yenye 154,175, unapata watu 321,081, na kiwango cha jiji kinapitwa kwa mbali. Ukiongeza kaunti ndogo ya Manga, yenye watu 94,209, jumla inafika 415,290.

Hizo ni Kisii tatu tofauti, na zote zimetokana na sensa moja. Ni kweli kwamba kaunti ndogo hizo zina mashamba mengi. Lakini Gusii si mahali ambapo shamba na mji hutenganishwa kwa urahisi. Katika sensa hiyo, Kaunti ya Kisii ilikuwa na wastani wa watu 957 kwa kila kilomita mraba, nayo Nyamira 675. Nyumba za kupanga zimeota katikati ya migomba, na mwenye shamba la majani chai aweza pia kuwa na duka mjini.

Mpaka unaozitenga Manga na Kisii haukuchorwa na wapangaji wa miji. Kisii ilikuwa kituo cha utawala tangu enzi za ukoloni, na kwa miongo mingi Gusii nzima ilihudumiwa kutoka hapo. Wilaya ya Nyamira ilimegwa kutoka Wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina lake likaingizwa katika Sheria ya Wilaya na Mikoa ya 1992, na orodha ya sheria hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa kaunti 47 za Katiba ya 2010. Manga nayo iliwahi kufanywa wilaya wakati wa utawala wa Rais Mwai Kibaki. Lakini Septemba 2009 Mahakama Kuu iliamua kuwa wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali, na leo Manga ni kaunti ndogo ya Nyamira.

Hivyo ndivyo mstari uliochorwa ili kusogeza ofisi ya mkuu wa wilaya karibu na wananchi ulivyogeuka kuwa mpaka kati ya serikali mbili zenye magavana, mabunge na bajeti zake. Hata Abagetutu, ambao ni ukoo mmoja, waligawanywa: Kitutu Chache ikabaki Kisii, nayo Kitutu Masaba, yenye Manga ndani yake, ikawa ya Nyamira.

Gharama ya mgawanyiko huo huonekana kwanza katika fedha. Mgao wa kaunti hutegemea kwa sehemu kubwa idadi ya watu. Katika fomula ya tatu ya ugavi iliyoidhinishwa 2020, kigezo hicho kilipewa uzito wa asilimia 18. Anayelala Manga huhesabiwa Nyamira, ingawa barabara anayoitumia, taka za biashara yake na kitanda anachougulia viko Kisii. Kwa upande wa pili, ada anayolipa sokoni huingia katika hazina ya Kisii wala haimrudishii barabara ya kijijini kwake. Kila kaunti, kwa hiyo, ina sababu ya kulalamika, na mwananchi aliye katikati ana sababu mbili.

Serikali ya Kitaifa yenyewe iliwahi kukiri kwamba huduma haziishii mpakani. Kwa miaka kadhaa baada ya ugatuzi kuanza 2013, kaunti zenye hospitali za Kiwango cha 5, Kisii ikiwemo, zilipewa fedha maalumu kwa sababu hospitali hizo hutibu wagonjwa wa kaunti jirani. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 fedha hizo ziliunganishwa na mgao wa jumla. Fungu maalumu likatoweka, lakini wagonjwa kutoka nje ya Kisii hawakutoweka.

Ugomvi wa aina hii ni dhahiri zaidi Keroka, mji ulioko kwenye barabara kuu ya Kisii kuelekea Sotik, ambao mpaka wa kaunti unapita ndani yake. Huko serikali mbili za kaunti zimezozania ukusanyaji wa ada, na mfanyabiashara hubaki akijiuliza ni risiti ya nani itakayotambuliwa. Manga haijafikia hapo. Lakini kadiri mji wa Kisii unavyopanda mteremko, ndivyo Keroka nyingine inavyozidi kukaribia.

Wanaodhani kwamba tatizo hili ni la nchi changa wana la kujifunza kutoka Milan, jiji kubwa la kaskazini mwa Italia. Sheria nambari 142 ya 1990 ilitaka majiji makubwa ya nchi hiyo yawe na mamlaka ya pamoja na viunga vyake, lakini mivutano juu ya mipaka iliukwamisha mpango huo kwa zaidi ya miaka 20. Hatimaye sheria nambari 56 ya 2014 ilikata shauri kwa njia rahisi: mkoa wa zamani ndio utakaokuwa eneo la jiji pana. Mamlaka mapya ya Milan yakaanza kazi Januari 1, 2015.

Urahisi huo ulikuwa na bei yake. Monza, mji ulio karibu mno na Milan na ambao wakazi wake wengi hufanya kazi huko, ulikuwa tayari umepewa mkoa wake kwa sheria ya 2004. Ukaachwa nje. Hata Malpensa, uwanja mkuu wa ndege wa Milan, uko katika mkoa wa Varese. Kisheria, Milan pana ina watu wapatao milioni 3.2. Watakwimu wa Ulaya, wakitumia kipimo kingine, huihesabu kuwa na watu wapatao milioni tano.

Kipimo hicho kinafaa kuangaliwa na watunga sera wa Kenya. Hakiulizi mpaka wa utawala uko wapi. Huuliza watu huenda wapi kufanya kazi. Ikiwa angalau asilimia 15 ya wafanyakazi wa mtaa fulani huenda kufanya kazi katika jiji, mtaa huo huhesabiwa kuwa sehemu ya eneo la jiji hilo, hata ukiwa chini ya serikali nyingine. Kwa kipimo kama hicho, wanaopanda matatu na bodaboda kutoka Manga kila asubuhi ndio wangekuwa ushahidi wa kwanza, kabla ya ramani yoyote.

Kenya imejaribu njia hii Nairobi, kwa matokeo mchanganyiko. Mwaka 2008 serikali iliunda Wizara ya Maendeleo ya Nairobi na Viunga vyake, ikazindua pia ruwaza ya kuelekea 2030. Wizara hiyo haikudumu baada ya uchaguzi wa 2013. Mwaka 2017 yakaundwa mamlaka ya uchukuzi, NaMATA, yanayojumuisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kaunti ambazo kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya watu milioni 10 katika sensa ya 2019. Hapa fundisho ni kwamba chombo cha jiji pana kikiundwa kwa amri ya Ikulu pekee, bila kaunti kukiona kuwa chao, huyumba kila uongozi unapobadilika.

Je, suluhisho ni kuihamishia Manga katika Kaunti ya Kisii? Katiba inaruhusu, lakini kwa masharti mazito. Kifungu cha 188 kinataka pendekezo la tume huru, uungwaji mkono wa angalau theluthi mbili ya wabunge wote katika Bunge la Kitaifa, na wa angalau theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Zaidi ya hayo, Nyamira ndiyo ndogo kati ya kaunti hizo mbili, ikiwa na watu 605,576 dhidi ya 1,266,860 wa Kisii. Kuinyang'anya Manga kungefufua hofu ileile ya kumezwa, na wanasiasa wa pande zote wangeigeuza kuwa vita vya koo.

Njia nyepesi imo katika Kifungu cha 189, kinachoziruhusu serikali kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Wala hili si geni Gusii: Kampuni ya Maji na Usafi ya Gusii ilihudumia Kisii na Nyamira pamoja hata baada ya ugatuzi kuanza. Kaunti hizo zinaweza kukubaliana juu ya mambo machache tu: ada za soko, vituo vya matatu, taka, maji, na mpango wa ujenzi katika miteremko inayotazamana na mji. Jambo la lazima ni kwamba wakazi wa Manga wawe na viti katika chombo hicho, kwa kuwa anayelipa ada bila kuwa na sauti hana tofauti na mgeni.

Kisii ikitangazwa kuwa jiji siku moja, sherehe itafanyika bondeni na watu wa Manga wataitazama kutoka juu. Ikiwa kufikia wakati huo kaunti hizo mbili hazitakuwa zimekubaliana mji unaishia wapi, jiji jipya litaanza maisha yake likiwa na soko la watu wa pande mbili na bajeti ya upande mmoja.