Mbwa Anayeuma: Usianze na Fundi wa Fimbo



Mbwa akianza kuuma wateja dukani au kukimbiza mbuzi wa jirani, vijijini kwetu tumezoea njia mbili: kumuua, au kumwita kijana "anayejua mbwa" aje na fimbo. Maoni yangu ni kwamba fimbo humfanya mbwa awe hatari zaidi. Mtu wa kwanza kumlipa ni daktari wa mifugo.

Mbwa aliyebadilika ghafla huenda anaumwa. Sikio lenye usaha, jino bovu au jeraha lililojificha kwenye manyoya humfanya aume anayemgusa. Hakuna mafunzo yanayoponya sikio.

Zaidi ya hayo kuna kichaa cha mbwa. Mbwa mpole aliyegeuka mkali bila sababu, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, si wa kufundishwa. Usimguse, mwite afisa mifugo mara moja.

Akiwa amekwisha kumng'ata mtu, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa usikimbilie kumuua na kumzika. Kama anaweza kufungiwa mahali salama, afisa mifugo amwangalie kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na uwezo wa kuambukiza kichaa siku alipouma. Aliyeng'atwa asisubiri siku hizo ziishe ndipo atibiwe.

Daktari akisema mbwa hana ugonjwa, sasa tafuta mtaalamu wa tabia. Hapa uwe macho. Daktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, na una haki ya kumuuliza usajili wake. Lakini mwalimu wa mbwa, yeyote mwenye mnyororo na filimbi hujiita hivyo. Tena kumfundisha mbwa kukaa, kuja akiitwa na kukamata mwizi ni kazi moja. Kujua kwa nini anauma ni kazi nyingine. Aliyebobea kwenye mbwa wa ulinzi si lazima aijue hiyo ya pili.

Mpime kwa mambo haya:

1. Je, anauliza kabla ya kumgusa mbwa? Anapaswa kutaka kujua umri, chanjo, chakula, amemuuma nani, wapi na saa ngapi.
2. Je, ameuliza daktari alisema nini?
3. Anatumia njia gani? Akitaja kipigo, kumnyima chakula au kumkaba shingo, mwage. Mbwa anayeuma kwa hofu akipigwa huongeza hofu.
4. Je, anakufundisha wewe na familia yako? Anayemchukua mbwa wiki mbili na kumrudisha bila kukuonyesha kitu, tatizo litarudi.
5. Je, anaahidi kuponya kwa siku moja? Mkimbie.

Najua utasema, "Fedha ya mtaalamu wa mbwa nitaitoa wapi?" Linganisha na gharama ya jino moja: nauli ya hospitali, chanjo zaidi ya moja, fidia, na wateja wanaohamia duka la pili. Tena mengi atakayokuambia mtaalamu mzuri hayana bei. Usimfunge mbwa kwa kamba fupi juani kutwa nzima. Wakataze watoto kumrushia mawe. Acha kumlisha pilipili au bangi ili awe mkali. Mpe maji, kivuli na chakula kwa saa zake.

Kama huna wa kuanzia, muulize daktari wa mifugo wa wilaya. Yeye huwajua wanaofanya kazi vizuri. Na kama mbwa wako hajachanjwa mwaka huu, anza na hilo kesho asubuhi.