Mwezi Umepatwa, Sisi Tupo Prepo

Usiku wa Septemba 7, 2025 mama alinipigia simu kutoka Korogwe: "Mwanangu, toka nje, mwezi umekuwa mwekundu!" Mimi nilikuwa Handeni kwenye mazoezi ya kufundisha, nasimamia prepo ya Kidato cha Kwanza. Nikamwomba mwalimu wa zamu tuwatoe watoto dakika tano tu. "Prepo ni prepo," akasema. Basi wakabaki ndani wakikariri maana ya kupatwa kwa mwezi, na kivuli chenyewe cha dunia kiko juu ya bati lao, kuanzia saa 2:30 hadi karibu saa 4. Mama, ambaye jiografia hajaisoma, aliona kila kitu.

Sisi tunaosomea ualimu tusiurithi huu utaratibu. Mwezi hauhitaji darubini wala bajeti. Alfajiri ya Agosti 28, 2026, kama saa 11 na nusu, utaanza kumegwa tena upande wa magharibi, kabla haujazama. Muda huo bweni si linaamshwa tu? Agosti 2, 2027 ni zamu ya jua, kwetu litafunikwa sehemu tu (hapo miwani maalumu ni lazima, jamani). Mwezi mwekundu kama ule tutauona tena Desemba 31, 2028. Watoto wangu wale watakuwa wameshamaliza Kidato cha Nne.