Vuli Yao Sio Vaibu, ni Dedilaini

Wacha nianze na makosa yangu, ndio nikianza kukosoa watu nisionekane mnafiki. Mwaka uliopita, mwezi wa kumi, niliposti video ya keki ya tufaha ya Kijerumani. Nilikuwa nimepanga kila kitu: sweta ya kahawia, mshumaa, mdalasini, kikombe kinachotoa mvuke, na majani makavu niliyookota nje ya ploti. Jua lilikuwa linachoma na mimi niko hapo najifanya nasikia baridi. Keki yenyewe nilioka na maepo mekundu ya supamaketi, yale matamu yenye maji mengi. Ikatoka katikati kama uji. Nikaigeuza upande uliokubali, nikarekodi, nikaposti. Laiki zikaingia.

Dadangu aliiona akiwa Ujerumani. Hakulaiki. Alinitumia voisi noti ya sekunde chache tu: "Weh, hiyo sio keki. Hiyo ni picha."

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini sasa nimekubali alikuwa anasema ukweli, na hii posti ni ya kusema kwa nini. Msimamo wangu ni huu: sisi watu wa kontenti tumechukua vuli ya Wajerumani tukaifanya mapambo, na hapo ndipo tumeikosa keki yenyewe. Kwao hiyo keki haikuanza kama kitu cha kupendeza. Ilianza kama kazi ya haraka.

Angalia kwanza hilo neno. Ukiuliza kamusi "autumn" ni nini kwa Kiswahili, itakwambia vuli. Sawa. Lakini vuli yetu ni mvua fupi, ile ya kuanzia Oktoba. Ni wakati wa kupanda. Shosho yako akiona wingu anatafuta mbegu. Vuli ya Ujerumani ni kinyume kabisa: ni wakati wa kuvuna na kufunga. Baridi inakuja, na chochote kilicho kwa mti kinafaa kuingia ndani kabla haijafika. Neno ni moja, lakini kazi ni mbili tofauti. Ndio maana nasema vuli yao ni dedilaini.

Dadangu alienda kama au pair, si unajua: chini ya miaka 27, Kijerumani cha A1, unakaa na familia na kuwasaidia na watoto. Familia yake ilikuwa kwa kijiji kimoja karibu na Stuttgart, kusini mwa nchi. Huko kuna kitu kinaitwa Streuobstwiese. Usiogope jina. Ni uwanja wa nyasi wenye miti mirefu ya matunda iliyotawanyika, mingi ikiwa ya tufaha, na chini yake kondoo wanaweza kulisha ama nyasi ikakatwa. Sio shamba la mistari iliyonyooka. Ni miti ya zamani, mingine ilipandwa na mababu wa wenye shamba wa sasa.

Sasa hiyo miti ikiamua kuzaa, haiulizi mtu. Kuanzia Septemba matufaha yanaanguka usiku na mchana. Yaliyoanguka yana jina lake, Fallobst, na tufaha lililogonga ardhi halina muda. Limechubuka, nyigu wamelipata, na siku chache zijazo linaoza. Kwa hivyo watu wanakimbizana nalo. Mengine yanapelekwa kukamuliwa juisi, mengine yanakuwa jemu, mengine yanakaushwa. Na yale yaliyochubuka upande mmoja? Unakata pale pabaya, unabaki na pazuri, unaoka keki. Hiyo ndiyo keki tunayoiwekea mshumaa.

Kuna jambo lingine dadangu alinionyesha kwa video kol. Ule mwaka aliona miti kando ya njia imefungwa utepe wa njano kwa shina. Akadhani ni alama ya kukatwa. Kumbe huo utepe, Gelbes Band, maana yake ni kwamba mwenye mti hawezi kuvuna yote, kwa hivyo yeyote anayepita achume, ni bure. Bila utepe usiguse, mti ni wa mwenyewe. Ukiona utepe, chuma kiasi unachohitaji na uache tawi bila kuvunja. Nikafikiria: hawa watu tunasema ni wabaridi, na hapa wameandika karibu kwa mti.

Lakini pia kuna huzuni ndani yake. Hayo mashamba ya miti mirefu yamepungua sana tangu Vita vya Pili vya Dunia. Miji ilipanuka, barabara zikapita, na wakulima wa kuuza wakahamia miti mifupi iliyo kwa mistari, ambayo huhitaji ngazi ndefu kuichuma. Wenye miti ya zamani wengi wamezeeka. Mwaka 2021 Ujerumani iliweka utamaduni wa Streuobst kwa orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika. Ni heshima, ndio, lakini orodha haipandi ngazi. Mti mrefu unahitaji mtu wa kuupogoa na mtu wa kula matunda yake. Ukikosa hao wawili, umebaki na kuni. Kwa hivyo mtu akioka keki na tufaha la mti kama huo, anaupa sababu ya kusimama mwaka mwingine.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu sitaki uniambie nimekuletea lekcha bila chakula.

Wajerumani hawana keki moja ya tufaha, wana ukoo mzima. Kuna ya kufunikwa na unga juu, kuna ya trei kubwa yenye makombo ya siagi na sukari, halafu kuna ile ya kila nyumba: versunkener Apfelkuchen, yaani keki ya tufaha lililozama. Hii ndiyo dadangu alifundishwa na jirani, shosho mmoja wa miaka sabini na kitu. Mahitaji ni haya: siagi laini gramu 125, sukari gramu 125, mayai matatu, unga wa ngano gramu 200, bekingi pauda vijiko viwili vidogo, maziwa vijiko viwili vikubwa, chumvi kidogo, vanila, na ganda la limau lililokwaruzwa. Tufaha nne ama tano, kulingana na ukubwa.

Piga siagi na sukari hadi rangi ipauke. Ongeza yai moja moja. Unga na bekingi pauda vinaingia mwisho pamoja na maziwa, na usikoroge sana. Mwaga kwa tini ya sentimita 26 uliyoipaka siagi. Menya tufaha, kata robo, toa moyo. Kisha upande wa mgongo wa kila robo uchanje mistari kwa kisu bila kufika chini, ikae kama kipepeo cha mkono. Panga juu ya unga, mgongo ukiangalia juu. Oveni nyuzi 180, dakika 40 hadi 45. Unga unapanda, tufaha linazama, mistari inafunguka. Ikipoa, nyunyiza sukari ya unga. Imeisha. Mdalasini ukitaka weka, lakini yule shosho hakuweka. Alisema anataka kusikia tufaha likiongea.

Na hapa ndipo video yangu ilikufa: tufaha lenyewe. Keki hii inataka tunda chachu. Huko wengi wanapenda Boskoop, aina iliyopatikana mjini Boskoop, Uholanzi, mwaka 1856. Kwa kamera ni aibu tupu. Ngozi yake ni ngumu, ina mabaka ya kahawia kama imekwaruzwa. Lakini ule uchachu unapambana na sukari, na ladha haipotei kwa moto. Epo jekundu linalong'aa ni zuri kwa picha, na ukilioka linatoa maji na utamu tu. Kwa hivyo kama uko Nairobi na unataka kujaribu, nunua yale ya kijani yanayokukunja uso. Mengi yanatoka Afrika Kusini na hayajawahi kuona vuli ya Stuttgart, lakini angalau yatakuheshimu.

Hata bekingi pauda ina hadithi ya watu wa kawaida. Mwaka 1891 mfamasia August Oetker wa mji wa Bielefeld alichukua duka la dawa, na kutoka hapo akaanza kuuza bekingi pauda kwa pakiti ndogo, kila pakiti imepimwa kwa nusu kilo ya unga. Hakuna kukisia. Mama yeyote angeweza kuoka keki ikapanda bila kubahatisha. Angalia orodha tena: pakiti rahisi, mayai, siagi na matunda yaliyoanguka chini. Ni keki ya watu waliokuwa na tufaha nyingi kuliko siku.

Sisi tumeigeuza. Kwa Nairobi siagi na maepo matano vinaweza kukula pesa ya lanchi ya siku kadhaa, kwa hivyo tunaiuza kama maisha ya juu. Keki iliyozaliwa ili kitu kisitupwe, tunaitumia kuonyesha tuna vitu. Hiyo ndiyo inaniuma, na nilikuwa wa kwanza kufanya.

Najua mtasema: "Buda, ni keki tu, acha watu wafurahie." Furahia! Sijasema usioke, wala sijasema lazima uwe na mti. Nasema usiondoe sababu ukabaki na sweta. Kwa sababu hiyo sababu ndiyo ilimshika dadangu.

Sikiliza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba kule saa zinarudishwa nyuma. Tulikuwa tunapishana saa moja, ghafla tunapishana mbili. Kufika mwisho wa Novemba, saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Alikuwa ananipigia akiwa gizani. Hakuwa anasema yuko mpweke. Alikuwa anauliza tu tumekula nini, mathe amevaa nini, mbwa wa jirani bado anabweka? Ukijua mtu wako, hayo maswali unayaelewa.

Ilikuwa bado mwanzo wa hiyo vuli wakati yule shosho aliacha ndoo ya tufaha mlangoni, kwa sababu zilikuwa zimemshinda. Dadangu akamenya, akakata pabaya, akaoka kwa kufuata maelezo ya familia. Na kwetu mathe ametulea na sheria moja: chombo cha wenyewe hakirudi kitupu. Basi alirudisha ndoo na nusu ya keki ndani, imefunikwa na taulo ya jikoni. Yule shosho alicheka. Akamwambia imekaa kidogo sana kwa oveni, na tufaha amezikata nene. Kisha akamwambia aje Jumapili saa tisa.

Jumapili saa tisa, kule, ni saa ya Kaffee und Kuchen, kahawa na keki. Meza inatandikwa, krimu inapigwa, watu wanakaa. Aliendelea kwenda hadi tufaha zilizohifadhiwa sehemu ya chini ya nyumba zikaisha. Hapo ndipo Kijerumani chake kilifunguka, kwa mezani, akiuliza kisu kinaitwaje.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya kazi na uhamiaji Berlin, Septemba 2024, wengi wenu mko kwa madarasa ya lugha. Mnaulizana kuhusu viza na mishahara, na ni sawa. Mimi nawaongezea moja: ukifika na ukaachiwa ndoo mlangoni, usiipige picha ukaingia ndani. Menya.

Ile video yangu nimeifuta. Wiki iliyopita nilioka tena, maepo ya kijani, bila mshumaa. Nikampelekea mama wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa ameniletea mahindi ya kuchemsha kwa sahani yake mwezi mzima uliopita na mimi nikaikalia. Sina picha. Alisema iko sawa, lakini nipunguze sukari.